Aproni ya Huka

Natabo alikuwa amepiga magoti mbele ya friza, anabandua kuku walioshikana kwa mgongo wa kijiko, kofia yake nyekundu ikamwangukia ndani tena. Aliiokota, akaikung'uta barafu, akaivaa. Masharti ya kampuni yanasema kofia isitoke kichwani tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa. Kwa nini mtu amvalie kofia kuku aliyekufa, hilo hawakueleza.

"Vaa tu," alisema Kagwiria kutoka jikoni. "Huwezi jua, labda hiyo kamera yao inatuona."

Kagwiria alikuwa mpishi wake tangu enzi za hoteli, mama wa Kimeru asiyejua kunyamaza, mwenye alama za mafuta ya moto hadi kwenye viwiko. Asubuhi hiyo alikuwa amewasha mashine ya kukaangia, ameifuta sakafu nyekundu mara mbili, na bado hakuna mteja hata wa kuuliza njia.

Lazima uelewe mahali hapa palivyokuwa zamani. Palikuwa Natabo Hotel: mlango wa buluu, mabenchi ya mbao, kuku wa kienyeji wanaoletwa na akina mama wa kijiji cha Gotu wakiwa wamefungwa miguu. Natabo ni Mturkana, Mkristo wa kusimama mbele kanisani, na nusu ya wateja wake walikuwa Waislamu. Lakini mji wetu wa Isiolo una akili yake. Hapa hata Mkristo akifungua bucha au hoteli, kisu anamwachia Mwislamu, ili kila mtu ale bila kuuliza maswali. Kisu cha Natabo kilikuwa mikononi mwa mzee Huka, Mborana mrefu mwenye mgongo uliopinda kidogo. Alfajiri anaingia uani, anaelekea kibla, anasema Bismillahi, anafanya kazi yake, ananawa. Kisha anaitundika aproni yake ya kaki, ile iliyoungua pembe, kwenye msumari kando ya mlango.

Aproni hiyo ndiyo iliyoita wateja. Mtu akifika anachungulia msumari. Akiiona, anaingia na kuagiza kuku. Asipoiona, siku hiyo Huka ni mgonjwa au amekwenda matanga, basi anaagiza chai na maharagwe. Hakuna aliyewahi kulieleza jambo hilo kwa sauti, na hakuna aliyekosea.

Halafu ikaja Jogoo Taji. Kampuni ya Nairobi, maduka kila mji, na mtindo wao ni kukukodishia jina. Wanakupa jina, rangi, friza, mashine, na kuku wao wenyewe. Wewe unatoa duka, jasho, na kodi ya jina kila mwezi. Kulikuwa na mfuko fulani wa kusaidia wafanyabiashara wa jamii za wachache kuingia biashara hiyo, na katika walioomba kutoka kaskazini, Natabo akachaguliwa. Walimpigia makofi kwenye hoteli kubwa kule Nairobi wakamwambia, sasa wewe ni mmiliki. Akalia kwa furaha, na nani angemcheka? Alianza biashara na sufuria moja.

Mlango wa buluu ukang'olewa, ukaja wa kioo. Mabenchi yakaenda. Masharti yakasema kuku wote watoke kampuni, nchi nzima ladha moja, na ukutani kisitundikwe kitu ila picha ya jogoo mwenye taji anayecheka.

"Anacheka nini huyu," Kagwiria aliuliza siku ile picha ilipobandikwa, "na ndugu zake wako kwa friza?"

Huka akaambiwa apumzike kwanza. Neno lilikuwa hilo, kwanza. Akachukua kazi ya kuuza miswaki kando ya ukuta wa msikiti, na aproni yake ikabaki ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kaunta, kwa sababu Natabo aliona haya kumrudishia na Huka aliona haya kuidai.

Na kuku wa kampuni, wallahi, walikuwa halali. Stika ilikuwepo, na muhuri, na namba ya simu. Natabo mwenyewe aliipiga ile namba, akajibiwa na mzee mpole aliyemweleza kila kitu toka mwanzo hadi mwisho. Akaibandika mlangoni ile stika, kubwa kama kitabu. Mama Mulki, anayeuza dera na buibui ng'ambo ya barabara, alikuja akaisoma yote.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Sasa huyu mwenye sahihi ni mtoto wa nani?"

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui. Huka najua ni mtoto wa nani."

Akarudi dukani kwake. Tangu siku hiyo Natabo hakuelewa tena amekosea wapi. Kampuni haikudanganya, Mama Mulki hakukosea, yeye hakumwibia mtu. Na duka ni tupu.

"Salaam aleikum."

Mlango wa kioo ulifunguliwa akaingia Hirbo, afisa wa leseni wa kaunti, faili kwapani, kalamu tayari sikioni.

"Aleikum salaam, afisa. Karibu."

"Hili bango lako limezidi kipimo. Linataka kibali chake peke yake."

"Bango si langu. Ni la kampuni."

"Basi kampuni ije."

"Iko Nairobi."

"Na duka ni la nani?"

"Langu."

Hirbo alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi mwenye alama za watu wawili. "Duka lako, bango si lako?"

Natabo alitoa simu akampigia Sharon, msimamizi wa kampuni anayeshughulikia kaskazini yote, akaweka sauti ya juu ili na Hirbo asikie.

"Madam Natabo, bango ni mali ya kampuni," Sharon alisema kwa upole wake wa siku zote. "Lakini kibali ni jukumu la mmiliki wa tawi."

"Basi nilipunguze?"

"Hapana. Huruhusiwi kuligusa."

"Aisee," alisema Hirbo. "Unamlisha ng'ombe, anayemkamua ni mwingine."

"Na madam, nilikuwa nikupigie," Sharon aliendelea. "Tuko njiani. Nakuja na wageni wa ule mfuko uliokuchagua. Wanataka kuona biashara ya jamii za wachache inavyofanya kazi, na kupiga picha. Tafadhali, duka liwe na watu. Mauzo yako yako chini sana. Wakilikuta tupu, watasema tawi lihamishwe mji mwingine, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Simu ikakatika. Natabo alibaki ameishika. Lihamishwe. Duka lake, aliloanza na sufuria moja, lihamishwe kama hema, yeye abaki na kuta. Na mlango wa buluu alikuwa ameshauza kuwa kuni.

"Wachache ni nani hapa?" Hirbo aliuliza, kwa kweli akitaka kujua.

"Mimi," alisema Natabo.

"Wewe? Na Waturkana wamejaa mpaka Ngare Mara? Wachache ni sisi Waborana. Hata bungeni tunahesabika kwa vidole."

"Na sisi Wameru hapa mjini tumeitwaje?" Kagwiria alitoa kichwa jikoni. "Wacheni niwaambie. Wachache ni wateja."

Hirbo alicheka mpaka faili likamponyoka. Alipotoka alisema atarudi kesho, na Natabo akimpata mwenye bango amwambie.

Kagwiria aliacha kucheka, akatoka jikoni. Aliinama chini ya kaunta, akatoa ule mfuko wa plastiki, akauweka mbele ya Natabo.

"Hapana," alisema Natabo.

"Sijasema kitu."

"Najua unachosema. Hapana."

"Kuku si ni halali? Stika si ulipiga simu mwenyewe? Basi uwongo uko wapi? Hatusemi neno. Tunatundika nguo. Nguo ni nguo."

"Msumari uling'olewa."

"Misumari inauzwa hapo kwa hardware."

Natabo alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kichwa kilikuwa kimejaa ukungu. Alijaribu kuupata uwongo mahali ulipo, ili aushike aseme huu hapa, lakini kila alipogusa palikuwa na ukweli: kuku halali, aproni ya kweli, duka lake la kweli. Mtu akichanganyikiwa hivyo hatendi jambo, jambo ndilo humtenda. Aliinuka akaenda mwenyewe kununua msumari.

Akaitundika aproni pale pale pa zamani, chini kidogo ya jogoo mwenye taji.

Ilichukua muda wa chai kupoa. Dalali mmoja wa mbuzi alipita, akachungulia, akarudi hatua moja nyuma, akachungulia tena. Akaingia. Akatoka kwenda kuwaita wenzake. Watu waliotoka kwenye sala ya adhuhuri waliingia kwa makundi, wenye maduka, waendesha bodaboda, akina mama wa sokoni, wote wakisema tulikuwa tunangoja hii. Mama Mulki alivuka barabara na ushungi wake mzuri, akakaa karibu na mlango.

"Sasa umefanya jambo," alimwambia Natabo. "Mji ulikuwa umekununia, na sisi hatupendi kununa. Lete kuku, na pilipili usinibanie."

Natabo alicheka. Alikuwa hajacheka ndani ya duka hilo siku nyingi. Mashine ya kukaangia ililia, Kagwiria aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti, mafuta yaliruka. Kila mtu alikula.

Hapo ndipo gari jeupe liliposimama, akashuka Sharon na wageni wawili, mmoja na kamera shingoni. Sharon alisimama mlangoni akashika kifua.

"Madam! Si ungeniambia mambo ni hivi!"

Alikuwa na furaha ya kweli, msichana yule, na jasho la safari usoni. Alitoa mfuko wa karatasi, ndani mna mikufu ya shanga. "Vaa, ya picha. Ya utamaduni wako."

Natabo aliigeuza mikononi. "Hizi ni za Wasamburu."

"Kwani si ni majirani?"

Akavaa. Kofia nyekundu juu, shanga za majirani shingoni, tabasamu katikati. Mwenye kamera akamsimamisha hapa, akamsimamisha pale, akawaambia wateja wainue vipande vya kuku juu. Wakainua, wakicheka.

Ikawa mtu mmoja aliyeshiba alikuwa amepita msikitini akampa Huka pongezi za kurudi kazini. Huka hakumjibu. Alifunga miswaki yake, akaja polepole kwa barabara ya vumbi, akausukuma ule mlango wa kioo kwa mara ya kwanza tangu uwekwe.

"Huka!" duka zima liliita. "Karibu, mzee! Tumeukosa mkono wako!"

Huka aliangalia ukutani. Akaiangalia aproni kwa muda, pembe yake iliyoungua, kana kwamba ni mtu anayefanana naye. Halafu akamtazama Natabo na zile shanga.

"Huka, umerudi lini?" Mama Mulki aliuliza. "Na hukuniambia, mimi jirani yako."

Huka alipangusa mdomo. "Aproni ni yangu," alisema.

"Najua ni yako. Nauliza hii kuku, umeichinja wewe?"

Mikono ya mzee, ile mikono iliyowalisha watu wote mle ndani, ilikuwa inaufungua na kuufunga mfuko wa miswaki. Kwa Huka mali ilikuwa neno lake. Hakuwa na mifugo, hakuwa na duka. Alikuwa na neno, kwamba akisema nimechinja, amechinja.

"Natabo ni mtu wangu wa siku nyingi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kuleni tu."

Watu wakarudi kula. Imeisha, kumbe, imepita. Kagwiria kwenye dirisha la jikoni alishusha pumzi. Lakini Natabo alikuwa amemwona mzee akimeza mate baada ya kusema, akaona aibu iliyomwenea usoni, aibu ambayo haikuwa yake. Na ule uwongo aliokuwa ameutafuta asubuhi nzima asiuone, sasa aliuona umesimama mbele yake na mfuko wa miswaki.

"Si mkono wake," alisema.

"Madam Natabo?" alisema Sharon.

"Hizi kuku zimetoka Nairobi kwa lori, kama zile za jana na juzi. Huka hajagusa hata moja. Aproni nimeitundika mimi. Yeye hakujua."

Watu waliacha kutafuna, mashine ikasikika ikichemka. Sharon alitazama huku na huku, hakuelewa, kisha akadhani ameelewa, akakimbilia stika ya mlangoni.

"Jamani, ni halali! Msiwe na wasiwasi! Cheti hiki hapa, na muhuri!"

Mama Mulki alikitua kipande chake, akafuta vidole kimoja kimoja. "Mwanangu," alimwambia Sharon, "hakuna mtu amesema ni haramu. Tunasema tumedanganywa."

Akainuka. Wengine wakainuka baada yake, bila kelele, hakuna aliyetukana, afadhali wangetukana. Meza zikabaki na kuku walioumwa mara moja, mara mbili. Wageni waliuliza kumetokea nini.

"Ni mambo ya utamaduni," Sharon akasema.

Wageni waliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Picha walikuwa wamepata za kutosha, tena nzuri, duka limejaa. Kabla ya kuingia garini Sharon alirudi akamnong'oneza Natabo kwamba ile nguo itolewe ukutani, inaharibu mandhari.

Lakini Huka alikuwa ameshaitoa. Aliikunja mara mbili, akaiweka kwapani.

"Mzee, nisamehe," alisema Natabo. "Sijui nilikuwa nafikiria nini. Kweli sijui."

"Ungeniita ningekuja," Huka alisema. "Hata bure ningekuja, nikae hapo mlangoni, niwaambie watu kuku ni ya Nairobi lakini Natabo ni yule yule. Pengine wangekula. Lakini uliita nguo, mimi hukuniita."

Akatoka.

Alasiri ilikuwa ndefu na hakuna aliyeingia isipokuwa upepo na vumbi lake. Kagwiria alifagia mifupa bila kuimba. Simu ya Natabo ikalia ujumbe wa kampuni: hongera, mauzo ya mchana wa leo yamevunja rekodi ya tawi, na kwa sababu hiyo oda yake ya kuku imeongezwa mara mbili kuanzia kesho. Aliusoma, akampa Kagwiria ausome, asije akawa amekosea.

Akampigia Sharon. "Hao watu hawatarudi. Ulijionea mwenyewe."

"Niliona, madam. Lakini mfumo umeshaongeza. Mimi siwezi kuupinga mfumo."

"Nani anaweza?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Sharon haikuwa ya ofisi. "Kusema ukweli, sijui. Hata mimi huwa nauliza."

Jua likiwa linaelekea kushuka, mama mmoja wa Gotu alipita na kuku wake, wamefungwa miguu, vichwa chini. Alikuwa akimuuzia Natabo zamani, na mpaka leo hupita na kumsalimia kwa Kiturkana, kwa mazoea tu. Natabo alitoka nje akamsimamisha. Akachagua tetea mwekundu mwenye madoa, akamlipa, akavuka barabara naye kwapani hadi ukuta wa msikiti.

Huka alikuwa anapanga miswaki. Alimwangalia yule kuku, akaiangalia kofia.

"Hiyo ni kuku ya nani?"

"Yangu."

"Ya duka?"

Natabo alifikiri. Siku nzima watu walikuwa wamemuuliza kitu gani ni cha nani, na kila mara alijibu akiwa hana hakika. Aliivua kofia akaitia mfukoni.

"Yangu mimi. Nimenunua kwa mama wa Gotu, umeona mwenyewe."

"Kampuni watasemaje?"

"Watachukua jina lao. Labda na mashine. Sijui, mzee. Leo sijui kitu."

Huka alivuta aproni kutoka chini ya gunia alilokalia, akainusa, akakunja uso.

"Hii siwezi kuvaa hivi," alisema. "Lazima ifuliwe kwanza. Na kisu kiko nyumbani, kimeshika kutu. Tukutane kesho, baada ya alfajiri."

"Kwangu au hapa?"

"Kwani tulikuwa tunachinjia wapi?"

Natabo alirudi na tetea wake, akapita chini ya lile bango lililozidi kipimo, akasukuma mlango wa kioo kwa bega. Kagwiria alimwona, akaweka ufagio chini.

"Masharti yanasema kuku hai hawaingii ndani."

"Nimesoma."

Akamfunga yule kuku kwenye mguu wa friza na kamba ya mfuko wa plastiki, akammwagia punje za mchele. Kuku akala, akajisaidia kwenye sakafu nyekundu, akala tena. Simu ilianza kulia juu ya kaunta, jina la Sharon likiwaka. Natabo aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akaenda jikoni kumletea kuku maji.